Nusu Finjani

Mtoto wa tatu alikufa ameshiba.

Ghalia alimkuta amelala ubavu, tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani, tone la maziwa lingali mdomoni. Alimvingirisha katika kipande cha kanga, akamzika chini ya mtende pamoja na nduguze wawili, kisha akarudi ghalani kwa waliobaki. Walikuwa wawili. Walikuwa bado hawajafumbua macho.

Siku nane kabla ya hapo, lori la changarawe lilimgonga mama yao kwenye barabara mpya ya Ibra, mji wa ng'ambo walikohamia kutoka Unguja. Ghalia aliwasikia watoto watano wa mbwa wakilia mtaroni. Aliwabeba katika upindo wa buibui lake mpaka nyumbani, na mumewe akamzuia mlangoni.

Maalim Sleyum alikuwa mtu wa kauli moja. Alisomesha dini skuli, na imamu alipougua, yeye ndiye aliyesalisha.

“Mbwa hawavuki kizingiti changu, Bi Ghalia. Malaika wa rehema nao wanataka pa kupita.”

“Watakufa, Maalim.”

“Warejeshe ulikowatoa.”

Hakubishana naye. Aliwapeleka mwisho wa shamba la mitende, katika ghala la tende lililobomoka nusu ya dari, akaufunga mlango kwa kamba. Tangu siku ile akawa mwizi nyumbani kwake.

Kazi ile ilimmaliza. Kila baada ya saa tatu walitaka kunywa. Alimnyonyesha mmoja mmoja kwa utambi wa kitambaa uliochovywa katika maziwa ya mbuzi, kisha akamsugua chini ya mkia kwa maji ya uvuguvugu mpaka ajisaidie, kwa kuwa hakukuwa na ulimi wa mama wa kumlamba. Alipomaliza wa tano, wa kwanza alikuwa ameshaanza kulia. Aliziiba nyakati: adhana ikilia na Maalim akishika njia ya msikiti, yeye alishika njia ya ghala. Bahati yake, siku hizo Maalim alikuwa akichelewa kurudi. Alipata wasaa wa kuosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama inavyompasa aliyeguswa na mate ya mbwa. Asubuhi moja alikuta udongo umesahauliwa ukingoni mwa birika. Aliupangusa mbio, akijilaumu kwa uzembe wake.

Mara mbili wali uliungua huku yeye akisinzia mbele ya jiko.

“Umekuwa mzito siku hizi,” Maalim alimtania, akikwangua ukoko. “Au ndiyo uzee?”

“Joto la Ibra, Maalim. Unguja sikuwa hivi.”

“Unguja ulikuwa na miaka ishirini.”

Maalim alicheka, kisha akauinamia tena ukoko wake. Wote wawili walijua Ghalia alikuwa na nini kingine huko Unguja: mtoto wa kiume, aliyeishi siku tisa. Hawakupata mwengine. Maalim alinyanyuka, akalitia kopo la maziwa ya unga kwapani.

“Walimu wanataka chai ya maziwa,” alisema, akatoka.

Maziwa ya mbuzi Ghalia aliyapata kwa jirani yake Shukriya, mzaliwa wa Pemba, aliyefuga mbuzi sita na kuwazungumzia kama wakweze. Ni yeye peke yake aliyeijua siri.

“Shoga, yatima wa mnyama hauawi na njaa,” alimwonya siku ya kwanza. “Huuawa na huruma. Mie vitoto vyangu vya mbuzi nimevizika kwa kuvishibisha. Nusu finjani kwa mmoja, basi. Hata wakikulilia damu.”

Ghalia alilishika neno lile kama amana. Alitumia finjani ileile ya kahawa, akaitia alama ya mkaa katikati, na hakuzidisha hata tone. Hata hivyo siku ya tano tumbo la mmoja lilivimba, akaharisha maji ya njano, akafa. Akafuata wa pili, kisha wa tatu, wote kwa ugonjwa uleule.

Akarudi kwa Shukriya.

“Umezidisha,” alisema Shukriya.

“Wallahi sikuzidisha.”

“Basi umezidisha bila kujua. Punguza.”

Akapunguza mpaka robo. Wa nne alikufa Jumatano, ameshiba.

Alibaki mmoja, jike dogo lenye doa jeupe kipajini. Tangu alfajiri ya Alhamisi Ghalia alimpa matone tu, akimhesabia pumzi. Adhana ya alasiri ilipolia, alikimbia tena ghalani, viatu mkononi.

Jicho moja la mtoto lilikuwa limeanza kufumbuka. Mwili ulikuwa umeshapoa. Tumbo lilikuwa gumu kama tufe.

Ghalia hakulia. Alimficha ndani ya buibui, akatoka, akapiga magoti chini ya mtende na kuanza kuchimba kwa mikono. Watu walishaanza kutoka msikitini, na yeye hakuwa amefika mbali, aliposikia kamba ya mlango wa ghala ikifunguliwa. Alijibanza nyuma ya shina, akachungulia.

Maalim Sleyum alikuwa amechutama sakafuni, kanzu ameikunja mpaka magotini, kopo la maziwa ya unga ubavuni pake. Utambi wa kitambaa ulining'inia vidoleni mwake. Finjani aliyoishika ilikuwa imejaa pomoni. Kwa mkono wa pili alikuwa akipapasa ndani ya majani makavu, taratibu, pembe hadi pembe.

“U wapi, mama?” alinong'ona. “Njoo unywe upesi, Bi Ghalia asije akatuona.”