Herufi za Baba

Siku hizi nyumba hurithiwa na yule tu ambaye vinasaba vyake vinalingana na vya marehemu. Nsia, aliyefukuzwa na kaka yake Eliabu katika nyumba ya baba yao, alijifunza kulinganisha vinasaba kwa kompyuta ili amkomoe. Leo, mbele ya Eliabu, alipanga herufi za vinasaba vya baba juu, za Eliabu chini. Hazikulingana.

“Funga virago, kaka,” alisema, akicheka mpaka machozi. “Wewe si wa baba.”

Eliabu alimtazama usoni.

“Haya, mdogo wangu, weka na zako. Toka utotoni tunaambiwa tumefanana, na kwa mama hatukuchukua hata ukucha.”

Mkono wa Nsia ulikwenda wenyewe kwenye pua yake, pana kama ya Eliabu.