Shilingi ya Daraja

Viti vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya wananchi wote, lakini aliyekuja kutoa maoni kuhusu bajeti ya jimbo alikuwa Sefu peke yake. Alikaa mstari wa mbele, suruali yake ikichuruzika maji ya mto aliouvuka kwa miguu.

"Naomba daraja letu la ng'ambo," alisema. "Tuliahidiwa."

Bi Zamzamu, afisa wa bajeti, aliweka kalamu chini. "Baba, fedha hazitoshi. Kifungu cha daraja hilo kinafutwa. Kwani huko wamebaki wangapi?"

Sefu alivitazama vile viti vitupu. "Wenzangu wamehama. Nipo mimi. Daraja likiwepo, watarudi."

"Na wasiporudi?"

"Basi nitavuka mimi bila kulowa, mwanangu."

Bi Zamzamu alicheka. Akaiokota kalamu, akakata sifuri iliyokuwa kwenye kifungu cha daraja, akaandika shilingi moja.

"Shilingi itajenga nini?" Sefu aliuliza.

"Haijengi kitu, baba. Lakini kifungu chenye sifuri hufutwa. Chenye shilingi huishi mpaka bajeti ijayo."

"Ahaa! Kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Mwenyewe hayupo, nafasi yake ipo."

"Ndiyo hivyo."

Sefu aliuvuka tena mto, maji yakimfika kiunoni. Nyumbani hakukuwa na wa kumwuliza habari za mjini. Akachukua fyekeo, akateremka ukingoni, akaanza kufyeka majani pale ambapo daraja lingetua.