Haja ya Mizhir

Mizhir alikiweka kikombe cha kahawa mezani bila kukigusa kwa mdomo, na macho ya sebule nzima yakakigeukia.

Kwetu kila mtu anajua maana yake. Mgeni asiyekunywa kahawa amekuja na haja. Mwenyeji akishatamka, "Kunywa, haja yako imetimia," basi imetimia, hata kama bado hajaambiwa ni haja gani. Akigeuka baadaye, aibu itamfuata mpaka kaburini, na huko atawakuta waliokwisha kusikia.

Mwenyeji, Sadun al-Rikabi, alijifanya hakuona. Akawasukumia wageni sahani ya vitamutamu vya baklawa.

Ilikuwa siku yake kubwa. Wapenzi wa vitabu wa Amman walikuwa wamejazana nyumbani kwake kumpongeza, maana alikuwa ametunukiwa tuzo ya fasihi ya uhamisho. Ameandika riwaya chungu nzima, zote za kuulilia mji wake, Samawa, kule Iraki. Katika kila riwaya mama yake husimama mlangoni na mkate wa moto, akimngoja. Katika kila riwaya pia wamo majirani waliomuuza kwa polisi: kinyozi, muuza mafuta na fundi cherehani, kwa majina yao halisi, kwani Sadun ni mwandishi mkweli. Ni yupi hasa aliyemuuza hakuwahi kujua, basi kwa uadilifu akawataja wote.

Sanduku lake la safari husimama karibu na mlango mwaka hadi mwaka, wapiga picha wasihangaike kulitafuta. Ndani mna mablanketi ya wageni.

"Dunia imejaa waandishi waliofukuzwa kwao," alikuwa amesema Daktari Hanadi, anayefundisha fasihi hiyo chuoni, "lakini hakuna anayelia kama Sadun wetu!"

Tatizo lilikuwa moja tu. Serikali ya kule ilikuwa imebadilika, na kesi iliyomkimbiza Sadun ikafutwa. Basi la Baghdad huondoka kila siku. Mtu wa kawaida angekesha akifunga mizigo. Sadun alikesha akiomba habari isifike magazetini. Mwandishi wa uhamisho akirudi kwao anakuwa nani? Anakuwa mstaafu anayegombana na fundi bomba. Nani atamwalika Paris akalie?

Na sasa mdogo wake ametokea Samawa bila taarifa, na kahawa yake haijaguswa.

"Kunywa basi, Mizhir, inapoa."

"Ipoe tu, kaka."

"Wewe tangu utotoni mbishi kama punda wa baba."

"Na wewe tangu utotoni, ukiona jambo linakuja, unainama kutafuta kiatu."

Wageni wakacheka. Sadun naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

"Ni kweli kesi imefutwa?" Mizhir akauliza. "Tumesikia redioni. Mama hajapata usingizi tangu siku hiyo."

Hapo siri ikawa imetoka. Daktari Hanadi akashika kifua. "Maskini mama! Bado anasimama pale mlangoni?"

"Siku hizi anakaa, bibi. Magoti."

"Ustadh," Hanadi akamgeukia Sadun kwa sauti ya chini, "hutaondoka, sivyo? Muhula ujao mzima nimekupangia wewe."

Sadun alikuwa na jibu tayari, zuri, lenye neno "jeraha" ndani yake. Lakini Mizhir alikuwa ameshafungua kitambaa na kumwekea tende kiganjani. "Za mtende wa uani. Mama kazichagua mwenyewe kwa kupapasa, maana macho hayapo tena."

Sadun akaila moja. Vitabuni aliuandika mtende ule kuwa ni wa peponi. Tende ilikuwa na nyuzi tele na utamu wa kubahatisha, mbaya vilevile kama alipokuwa mtoto. Akaanza kulia.

Hakikuwa kile kilio chake cha jukwaani, kinachosubiri kamera iwekwe sawa. Hiki kilimtoka na kamasi. Mama yake hakuwa akilala, mama yake alikuwa haoni, na yeye alikuwa hapa akigawa baklawa. Ghafla tuzo, Paris na muhula wa Daktari Hanadi vyote vikawa upuuzi mtupu mbele yake. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka kukalishwa pale uani na kusemwa kwa kukonda.

Akasimama, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Nyote muwe mashahidi," akasema. "Kunywa, ndugu yangu. Haja yako imetimia, na haja ya mama imetimia. Wallahi, hata ikiwa ni kesho asubuhi!"

Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Daktari Hanadi akatafuta kiti. Mizhir akakinyanyua kikombe, akakimaliza kwa funda moja, akakitikisa kuonyesha ametosheka, kama ilivyo ada, kisha akamkumbatia kaka yake mbele ya watu wote, kwa nguvu na kwa muda mrefu.

"Mungu akulipe, kaka. Njia nzima nilikuwa naogopa utakataa."

"Nikatae ombi la mama? Sema, mdogo wangu. Liseme wote wasikie."

Mizhir akainamisha macho.

"Yule kinyozi, yule muuza mafuta na yule fundi cherehani ndio waliomlisha mama tangu ulipoondoka, na hadi leo ndio wanaomlisha. Vitabu vyako wamevisoma. Mama anakuomba usirudi."