Kinyumenyume Hadi Kibaoni

Trekta la Mzee Telesphory liliingia Kibaoni kinyumenyume. Bajaji zilipisha, bodaboda wakapiga honi, na mzee mwenyewe, shingo kaigeuza nyuma kama aliyelalia mto mbaya, aliitikia salamu za kulia na kushoto bila haraka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani. Wa pili ulikandamiza fimbo ya gia, aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli isichomoke.

Kwa miaka mitatu kijiji chake kizima cha Mofu kilijua kwamba trekta hilo kuukuu halina gia nyingine zaidi ya rivasi. Watoto walilitungia wimbo. Watu wazima walicheka, kisha wakasikitika kweli kweli, maana enzi za uzima wake trekta lilikuwa la wote. Lilisomba matofali ya huyu, magunia ya yule, na mabibi harusi wawili kwa Jumamosi moja. Msimu wa mwisho wa enzi hizo lilizungushwa mashamba ya jamaa mpaka mvua zikalikuta shamba la mwenyewe halijaguswa, na nyumba ya Telesphory ikala mwaka mzima mchele wa kununua. Hilo hakulisahau.

Sasa mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa. Asipolima wiki hii, basi tena.

"Shikamoo mzee," alisema fundi Sylvanus, akifuta mikono mlangoni mwa gereji yake. "Umelala wapi njiani?"

"Marahaba. Sijalala popote. Nimetoka asubuhi hii hii."

"Kutoka Mofu? Kinyumenyume?"

"Njia ilikuwa nyeupe. Sikukutana na mtu mpaka nilipokaribia hapa."

Sylvanus alimtazama, lakini mzee habishiwi. "Linasumbua nini hasa?"

"Gia inachomoka. Meno yamelika. Fungua utaona."

Bolti ya tatu haijalegea, Emerensiana akafika kutoka sokoni na baiskeli yake, jasho linamtoka. Alikuwa shemeji yake Telesphory na mwenyekiti wa kwaya, na kwapani alibana daftari.

"Shemeji, Mungu ni mwema! Likipona tu, Jumatatu tunasomba matofali. Jumanne jirani yetu Antoni anahamisha mabati. Jumatano mpaka Jumamosi, mashamba ya wanakwaya. Nimeshawaandika wote."

"Umefanya vizuri," alisema Telesphory kwa upole.

"Na wewe shamba lako hutahangaika, najua. Mwaka jana ulimaliza kulima kabla ya watu wote! Sijui unakodi maksai wa nani, maana hata kwato zao hatukuziona."

"Bonde ni kubwa, shemeji."

Habari za kufunguliwa kwa trekta zilikuwa zimeshasambaa. Watu wa Mofu waliokuwa sokoni Kibaoni walikuja mmoja mmoja, wakajibana kwenye benchi la gereji, kila mmoja na shida yake ya kubebewa kitu. Emerensiana aliendelea kuandika, na karatasi ilipojaa akafungua nyingine.

Sylvanus alimwaga oili. Ilitoka nyeusi, inameta vumbi la chuma. Akaondoa kifuniko cha giaboksi, akamulika ndani kwa tochi, akazungusha shafti kwa mkono. Akakunja uso. Akazungusha tena, polepole, akihesabu kwa kidole.

Telesphory aliingiwa na hofu. Hakuogopa chuma, alichoogopa ni mdomo wa fundi, kwa kuwa mafundi wengi hutangaza ugonjwa kwa sauti kubwa wateja wengine wasikie.

"Vipi fundi, linapona?" aliita Emerensiana kutoka kwenye benchi.

Sylvanus alimwonyesha mkono asubiri kidogo. Akamshika mzee kiwiko, wakazunguka nyuma ya tairi kubwa.

"Mzee, mbona sielewi?" alinong'ona. "Moja, mbili, tatu, nne, zote nzima kabisa. Iliyolika ni rivasi peke yake."

Telesphory alichungulia benchi, akaliona daftari la shemeji yake, akarudisha kichwa haraka.

"Si ndiyo niliyokuletea? Nitafutie rivasi nyingine. Na wale pale waambie za mbele zimeshindikana."