Leso Isiyofuliwa

"Usiifue hiyo leso, dada," jirani alimwambia Akoth siku lori la jeshi lilipompeleka jirani huyo hospitali kujifungua, akimwachia mwanawe mdogo. "Mtoto akikosa harufu yangu hatalala."

"Hata ikinuka kama beberu?"

"Hata hivyo."

Waume wao walikuwa vitani ng'ambo, na kambini Lanet wake za askari walizoea kuachiana watoto namna hiyo. Akoth mwenyewe hakujaliwa mtoto. Wiki tatu alimbeba huyu wa jirani mgongoni kwa leso hiyo, akimtania kwamba kichwa chake ni kama sufuria ya jeshi, na leso hakuigusisha maji.

Leo lori lilinguruma tena getini. Mama mtu amerudi.

Akoth akainama kumfunika mtoto aliyelala, akainusa leso. Haikuwa na harufu ya jirani hata kidogo. Ilinuka moshi wa jiko lake, mafuta yake ya kujipaka, jasho lake mwenyewe.

Nje, sauti ya jirani ilikuwa ikikaribia mlango, ikicheka.

Akoth akaivuta leso taratibu, akaizamisha yote ndooni. Mtoto akafumbua macho, akamnyooshea mikono, akaanza kulia.

Akoth hakumchukua. Aliendelea kufua.