Kando au Chini

Penseli ilisimama juu ya karatasi ya ukoo, iliyobanwa pembe zote kwa mabakuli ya chai.

"Kaka Sagindik, jina langu niliandike kando yako au chini yako?"

Sagindik alihisi uchovu wa miaka yote. Mwanawe wa kwanza, huyu aliyeshika penseli, alichukuliwa na kulelewa na wazazi wa Sagindik, kama desturi ya Wakazaki ilivyotaka, akakua akimwita baba yake kaka.

"Mama ndiye aliyekulea," alisema.

"Najua, kaka. Hilo hata kondoo wanalijua. Nakuuliza wewe."

Sagindik aliichukua penseli. Kidole gumba chake kilikuwa kimepinda, kama cha mwanawe. Akavuta mstari mwembamba kutoka jina lake kwenda chini.

"Kunywa chai, inapoa," yule mwana alisema taratibu.

Safari hii hakumwita kaka, wala hakumwita baba.