Pete ya Babu

Nilipofunua kikombe na pete ya babu mmoja ikawa haipo, hakuna aliyepiga makofi.

Kijiwe kizima cha kahawa pale Chanji kilinikodolea macho. Babu alikitazama kidole chake, palipobaki duara la ngozi iliyopauka kwa miaka ya ndoa.

"Kijana, hapa Sumbawanga mambo hayo hatuchezei. Irudishe."

Benchi lilisukumwa nyuma. Mtu akasema, "Mchawi huyu."

"Ni mchezo wa mikono tu, babu," nilisema, nikicheka peke yangu.

Pete nilikuwa nimeshaidondosha kwenye kahawa ya rafiki yangu Zubery. Alikuwa amekaa ubavuni kwangu kama mtu tusiyejuana naye, vilevile tulivyofanya mazoezi wiki nzima chumbani kwake. Kazi yake ilikuwa kuiopoa, watu wacheke.

"Zubery, hebu waonyeshe."

Zubery aliwatazama wanaume waliokwisha kusimama, kisha akanitazama mimi.

"Niwaonyeshe nini? Mimi huyu simjui. Nimekuja kunywa kahawa tu."

Akainua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho. Nikasikia pete ikigonga meno yake.